Kifuani yuko nani?

Wadogo zangu mlioanza zamu wiki hii, kwenye mazoezi ya kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama mmenichekesha kisha mkanikera. Mdoli kalala, watu wanne mnagombania mkono mmoja mkitafuta mshipa wa kupitishia dawa, na kifuani hakuna mtu. Haya, tuelewane.

1. Haitiki, hapumui: ita watu, anza. Mapigo ya shingoni mtafute sekunde 10, basi. Ukibaki na shaka, kandamiza kifua. Ile pumzi ya kukoroma inayokuja mojamoja si kupumua, hata ndugu akushike gauni akisema "bado anapumua huyu, sista".

2. Nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kifua kiache kirudi juu chote, usimlalie mgonjwa.

3. Mshipa baadaye. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, mzee mmoja kutoka Kibosho alizimika wakati tunakabidhiana zamu. Tulikuwa wengi, na wingi ndio uliotuponza. Huyu kakimbilia troli ya dawa, yule kashika ambu, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, mimi nimeng'ang'ania kanula, kale kamrija ka kuingiza mshipani. Mshipa ukapasuka, nikahamia mkono wa pili. Umeme ulikuwa umekatika, nikamwita aliyekuwa anakandamiza aje animulikie kwa simu. Akaja! Nilipopata mshipa nikasukuma adrenalini, dawa ya kuushtua moyo, miligramu 1, roho ikatulia, nikajiona fundi. Dawa yenyewe imebaki mkononi kwa mzee, maana hakukuwa na mtu wa kuisukuma damu iifikishe kwenye moyo. Daktari akaingia, wala hakufoka. Akauliza, "Kifuani yuko nani?" Tukatazamana. Mzee hakurudi. Pengine asingerudi hata tungefanya sawasawa, ila mimi nilimnyima hiyo pengine.

4. Pokezaneni kila dakika 2, hata kwa yule mbishi anayesema hajachoka. Jasho linamtoka, kina kimeshapungua, yeye hajui.

5. Ubao uwekwe chini ya mgongo. Godoro la wodini linabonyea, kifua hakibonyei.

6. Ukiwa na ambu, 30 kwa 2: kandamiza mara 30, kisha pumzi 2. Mtu akianguka stendi ya Moshi nawe huna kitu, kandamiza mfululizo. Watakuja na chupa za maji wammwagie usoni, wape kazi. Mmoja apige simu, mmoja atafute gari, na kijana mwenye misuli apige magoti pembeni yako, akuangalie mikono, akupokee.