Mbona kompyuta yangu inachelewa kuwaka? Maswali yenu na majibu yake

Maswali yaliyonifikia safari hii karibu yote yanalalamikia jambo moja: mtu anabonyeza kitufe cha kuwasha, kisha anasubiri dakika tatu, nne, hata tano ndipo aanze kazi. Jibu la kwanza ndilo refu, na mengine yanaliegemea. Hata kama swali lako liko chini, anzia juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM ni GB 4 na hadidiski ya GB 500. Inachukua dakika nne kuwaka. Fundi anasema niongeze RAM iwe GB 8 ndipo itawaka haraka. Nifanye hivyo?

Mwalimu, kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, usianze na RAM. RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo husahau kila kitu pale unapozima. Ukiwasha asubuhi iko tupu, iwe ya GB 4 au 8, na kila kinachohitajika lazima kitolewe diskini na kupandishwa humo. Anayekuchelewesha ni diski.

Mezani pangu nina hadidiski mbovu niliyoifungua kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. Ndani kuna sahani inayong'aa kama kioo, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea kwenye ncha. Hadidiski nyingi za laptopu huzungusha sahani hiyo mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Ili kusoma kipande kimoja cha faili, kwanza mkono usogee hadi kwenye mstari kilipo, jambo linalochukua kama milisekunde 12. Halafu usubiri sahani ikilete kipande hicho chini ya kichwa, na kwa wastani hiyo ni nusu ya mzunguko, milisekunde 5 na nusu hivi. Jumla ni milisekunde 17 na nusu kwa kipande kimoja. Ni kufumba na kufumbua, lakini haba na haba hujaza kibaba. Tuseme Windows yako inahitaji vipande 4,000 vilivyotawanyika huku na kule: sekunde 70 zimeishia kwenye safari za mkono na kusubiri sahani peke yake. Sasa tuseme vipande hivyohivyo vina jumla ya MB 300 na vimepangwa mfululizo. Diski ileile ingevimaliza kwa sekunde tatu au nne, kwa sababu ikisoma bila kurukaruka hutoa kama MB 100 kwa sekunde.

Ni kama kumtuma mtoto dukani. Umemtuma unga, akarudi. Ukamtuma chumvi, akarudi. Ukakumbuka kiberiti, akaenda tena. Duka haliko mbali, na mtoto si mvivu. Safari ndizo zimekuwa nyingi.

Cha kununua ni SSD, aina ya diski inayohifadhi vitu kwenye chembe za kielektroniki: haina sahani wala mkono. Kipande kimoja hukipata kwa takribani sehemu ya kumi ya milisekunde, na vile vipande 4,000 huvimaliza kwa chini ya nusu sekunde. Ndiyo maana laptopu yenye miaka kumi, prosesa ileile na RAM ileile, ikibadilishiwa diski mwenye nayo huiona kama mpya.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha. Washa, na mara tu eneokazi likitokea bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu ya diski kwenye dirisha litakalofunguka (Task Manager). Ikisoma asilimia 100 huku prosesa iko chini, na kasi ya kusoma ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, umeuona mkono ukihangaika. RAM ya GB 8 itakufaa baadaye, utakapofungua kurasa nyingi za intaneti pamoja na alama za wanafunzi, maana RAM ikijaa mfumo huanza kuvirudisha vitu diskini na foleni inaanza upya.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: ingia kwenye folda ya Prefetch, futa kila kitu, kompyuta itakuwa nyepesi. Nafanya hivyo kila Ijumaa. Je, niko sahihi? (Mombasa)

Acha leo hii, ndugu yangu. Unafuta karatasi ambayo kompyuta yako imejiandikia kwa manufaa yako.

Wahandisi wa Microsoft waliliona tatizo la safari nyingi zamani. Kwenye Windows XP, mwaka 2001, waliweka utaratibu wa kuangalia ni faili zipi husomwa wakati wa kuwaka na kwa mpangilio gani. Utaratibu huo huandika orodha. Siku inayofuata, badala ya kusubiri kila programu iombe chake kwa wakati wake, Windows huichukua orodha na kuviomba vitu mapema, kwa wingi, kwa mpangilio ambao mkono hautazunguka ovyo. Hufanya hivyo pia kwa programu unazofungua: hutazama kinachosomwa katika sekunde 10 za mwanzo na kukiweka kwenye faili ndogo ndani ya folda hiyo unayoifuta. Mtoto anapewa karatasi: unga, chumvi, kiberiti, aende mara moja. Kisha kompyuta ikiwa imetulia, kifaa cha kupanga diski huchukua orodha hiyohiyo na kuzisogeza faili hizo zikae jirani. Hapo ni kama mwenye duka ameviweka vitu vyako vyote kwenye rafu moja.

Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ilikwenda mbali zaidi. Kila baada ya kuwaka hupitia kumbukumbu za mara tano zilizopita na kupanga kipi kiwekwe tayari kwenye RAM mara ijayo. Ona basi hasara ya Ijumaa zako: kila kompyuta inapojifunza, wewe unaisahaulisha.

Folda hiyo wala haijai hadi kuzidiwa. Zamani ilikomea kwenye faili 128 za programu, tangu Windows 8 ni 1,024, na za zamani huondolewa zenyewe. Ukiacha kuifuta, ipe kompyuta siku chache za kuwashwa na kuzimwa kama kawaida ndipo uipime.

Nazima kompyuta kila jioni, lakini inaonyesha imekuwa ikifanya kazi siku tisa bila kuzimwa. Na tatizo la printa linarudi vilevile kila asubuhi. Inawezekanaje? (Mwenye steshenari, Arusha)

Inawezekana, na kompyuta haijaharibika. Tangu Windows 8, mwaka 2012, kuzima si kuzima kabisa. Programu zako zinafungwa na wewe unatolewa, ila kiini cha mfumo pamoja na madereva ya vifaa kinapigwa picha jinsi kilivyo kwenye RAM, na picha hiyo inahifadhiwa diskini kwenye faili moja kubwa. Asubuhi Windows haijengi upya kila kitu. Inaisoma picha hiyo mfululizo, moja kwa moja, na kuirudisha kwenye RAM. Utaratibu huo unaitwa Fast Startup. Mimi naupenda, kwa sababu umelishika tatizo pale lilipo: maelfu ya safari fupi yamegeuzwa kuwa safari moja ndefu.

Gharama yake ndiyo hiyo uliyokutana nayo. Dereva wa printa aliyekwama jana amepigwa picha akiwa amekwama, na asubuhi anarudi hivyohivyo. Dawa ni kuchagua Restart badala ya kuzima, kwa sababu Restart haitumii ile picha, inaanza mwanzo. Au shikilia Shift unapobofya amri ya kuzima. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, na kila mara kifaa kinapokorofisha.

Mambo mawili kwa watu wa hali kama yako. Umeme ukikatika ghafla, picha haikupigwa, kwa hiyo siku hiyo kompyuta itachelewa. Usidhani imeingia kirusi. Na mwenye Windows na Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta) kwenye mashine moja azime kabisa Fast Startup. Windows inakuwa imeacha diski katikati ya kazi, na Linux ikiandika humo unaweza kupoteza mafaili.

Nina flashi ya GB 16. Nasikia naweza kuigeuza iwe RAM. (Bujumbura)

Haiwi RAM. Unachosikia ni ReadyBoost, iliyokuja na Vista: flashi inatunza nakala ya vipande vidogo ambavyo hadidiski ingechelewa kuvifikia. Kwenye mashine ya GB 1 ya wakati ule ilisaidia. Leo, kama RAM yako ni GB 4 au zaidi, hutaona tofauti ya maana. Fedha ya flashi nyingine weka akiba ya SSD.

Je, nipange upya SSD yangu kila mwezi kama nilivyokuwa nafanya kwenye hadidiski?

Hapana. Kupanga kulikuwa na maana kwa sababu ya mkono, na SSD haina mkono. Unaichosha tu kwa kuandika bila sababu, na chembe zake zina kikomo cha kuandikwa. Windows 7 na zilizofuata huiambia SSD ni nafasi zipi hazitumiki tena, kazi inayoitwa TRIM, na tangu Windows 8 zenyewe huipangia ratiba. Wewe usiijaze tu hadi ukingoni.

Shikamoo. Nasoma kompyuta chuoni Dodoma na natumia Ubuntu. Je, kwenye Linux naweza kuona kinachochelewesha?

Marahaba, mwanangu. Unaweza, tena vizuri kuliko sisi wa Windows. Fungua tamino (Terminal, dirisha la kuandikia amri), andika `systemd-analyze`, utaona sekunde zilizotumiwa na kiini na zilizotumiwa na huduma nyingine. Kisha `systemd-analyze blame` itakupangia huduma kuanzia iliyochukua muda mrefu. Tahadhari: huduma nyingi huenda sambamba, kwa hiyo iliyo juu kwenye orodha si lazima ndiyo iliyokuchelewesha. `systemd-analyze critical-chain` ndiyo inayoonyesha nani alimsubiri nani. Mara nyingi utaikuta huduma ya kusubiri mtandao, wakati wewe mtandao huuhitaji hadi uwe umeshaingia.

Kwa kuwa unasoma fani hii, fuatilia kazi ya Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel. Septemba 2008, kwenye mkutano wa Linux Plumbers mjini Portland, Marekani, waliwasha Asus Eee PC, laptopu ndogo ya bei ya chini, kwa sekunde 5. Hawakuanza kwa kuuliza wapunguze nini. Walianza na bajeti: kiini sekunde 1, maandalizi ya mwanzo sekunde 1, mfumo wa picha sekunde 1, eneokazi sekunde 2, na kisichoingia humo kikasubiri. Moja ya silaha zao ilikuwa programu ya kusoma mapema, ndugu wa ile Prefetch niliyoieleza juu: wakati prosesa inashughulika na jambo moja, diski inaleta la pili. Miaka ilivyokwenda SSD zikaenea, na mwaka 2014 watengenezaji wa systemd, programu inayoziwasha huduma kwenye Linux nyingi, wakaondoa sehemu yao ya kusoma mapema. Kwao ilikuwa haina kazi tena. Kwa mwenye hadidiski ya mtumba huku kwetu bado ingekuwa na kazi, na hilo ni la kukumbuka siku utakapoandika programu zako: usipime kwenye mashine yako nzuri peke yake.

Ninunue SSD ya SATA au NVMe? (Kigamboni)

Hizo ni njia mbili za SSD kuwasiliana na kompyuta. Kama laptopu ina nafasi ya hadidiski ya inchi 2.5 tu, hakuna cha kuchagua: ni SATA, nayo itakutosha. Kikomo chake ni kama MB 550 kwa sekunde, NVMe hufika maelfu, lakini katika kuwaka tofauti hiyo huionji sana. Kutoka hadidiski kwenda SATA umeshaondoa zile safari. Kinachobaki ni prosesa na vifaa kujitambulisha. Ukiwa na tundu la M.2, yaani la SSD nyembamba isiyo na kasha, soma kwanza kitabu cha mashine, kwa sababu matundu mengine hupokea SATA tu ingawa umbo linafanana. Na dukani usichukue SSD isiyo na jina kwa sababu ya bei. Dai risiti na dhamana.

Kompyuta yetu ya ofisi ilikuwa inawaka kwa dakika moja na nusu. Tangu mwezi huu ni dakika sita, na kuna mlio wa kugongagonga. Fundi anataka apige Windows upya. Humo kuna kumbukumbu za wanachama wa kikundi chetu cha kukopeshana tangu 2016. (Kahama)

Dada, hili nimeliweka la mwisho, lakini nilikujibu kwa simu siku ileile uliponiandikia. Hapa naliandika kwa ajili ya wengine.

Kompyuta inayozidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka ina programu nyingi. Iliyobadilika ndani ya mwezi mmoja na inagonga ina diski inayokufa. Mkono unajaribu kusoma mahali palipoharibika, unashindwa, unarudi mwanzo, unajaribu tena. Kila jaribio linakula muda, na huko kugonga ndiko mlio unaousikia. Kupiga Windows upya kutaandika juu ya kumbukumbu zenu na kuilazimisha diski ifanye kazi nzito kuliko zote ikiwa mahututi. Hata amri ya kukagua diski isitangulie.

Kwanza ni kunakili. Chomeka diski ya nje, anza na folda ya kikundi, kisha picha, mwisho mengineyo. Faili ikigoma iruke, utairudia baadaye. Ukimaliza, fungua nakala kwenye kompyuta nyingine, uone kweli majina na hesabu zimo. Hapo ndipo fundi akague afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo, aweke SSD mpya na kupiga Windows humo. Hadidiski ya zamani andikeni tarehe juu yake na muifungie kabatini.