Kabla Hujamwandika Mama Yako Gazetini

Juzi kijana mmoja wa Pangani kaniandikia: "Dada, nataka safu ya kuchekesha gazetini kama ile uliyokuwa nayo. Nianzie wapi?"

Hilo "uliyokuwa nayo" limenichoma. Safu yangu ilifungwa mwaka jana kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Miaka 7 niliijaza kila Jumapili, hata wiki niliyojifungua, na mhariri hakuona haja ya kunipigia. Bado inaniuma, sifichi.

Lakini mdogo wangu, kilichonifunza kazi hii si kufungiwa safu. Ni meno ya mama.

Kwenye harusi moja Makorora, hapa Tanga, mama alivua meno yake ya bandia ale pilau kwa raha, akayafunga kwenye pindo la kanga. Ngoma ilipokolea akasahau, akaivua ile kanga na kumtuza bibi harusi. Meno yakaenda nayo. Nikaliandika lote, na jina la mtaa nikaliweka. Simu zilimiminika mpaka usiku. Mhariri siku hiyo alipiga! Sijapata kusifiwa vile, na nilijiona nimefika.

Mama alisoma chuo cha Kurani tu, hati anazozijua ni za Kiarabu. Kila Jumapili alingoja gazeti lishuke na basi la Dar, akamtuma mtoto wa jirani Barabara ya 12 kulinunua. Alasiri, kahawa na kashata zikiwa barazani, mtoto anawasomea yeye na mashoga zake. Siku ile nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Mtoto alisoma taratibu, kidole juu ya mstari. Walipofika penye pindo la kanga, wanawake walicheka hadi mmoja akamwaga kahawa. Mama hakucheka. Aliokota birika lake, akanipita mlangoni bila kunitazama, akaingia chumbani na kurudishia mlango.

Siku ya tatu akaniuliza, "Ulilipwa kiasi gani?"

"Elfu 15, mama."

"Basi ndiyo bei yangu."

Baada ya hapo nilikaa na kuwasoma upya wakubwa wa kazi hii. Erma Bombeck wa Ohio, Marekani, mama wa watoto 3, alianza mwaka 1964 kwa dola 3 kila makala, akiandika habari za kufua, kupika na kulea. Baadaye makala zake zikachapwa katika magazeti yapatayo 900. Watoto wake na mume wake wamo humo tele, ila anayebaki na aibu mwishoni mwa kisa ni yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeiga kuchekesha, hilo la aibu nikaliacha. Katika kisa cha meno mimi sipo kabisa, nimekaa pembeni kama mgeni mwalikwa.

Kwa hiyo andika kila siku. Ukiambiwa maneno 600, yawe 600. Peleka kabla ya siku uliyopewa. Usijitie Kiswahili cha hotuba: sisi tumetoka alikotoka Shaaban Robert, lugha tunayo midomoni. Na andika kila siku, narudia.

Ila mtu wako akiwemo, mwombe ruhusa kwanza. Msomaji akishacheka hufunua ukurasa wa michezo, na mama yako Jumatatu anakwenda sokoni, anaonana na watu wale wale. Gazeti halitakulinda. Langu halikunilinda. Heshima ya mzazi haina toleo la pili la kusahihisha kosa, na vijana mnaokimbilia kuchekwa na watu msiowajua mnaniogopesha.

Siku hizi naandika bila gazeti, na namsomea mama mwenyewe kabla mtu mwingine hajasikia. Hii pia nimemsomea. Penye bibi harusi alinisimamisha, akataka nitaje kwamba meno yalirudishwa asubuhi yake, yameoshwa, yamefungwa kwenye leso mpya, pamoja na sahani ya visheti.

Nimeongeza.