Skripti tatu zikiwa pamoja seva inadondoka, ukitoa moja inapona

SWALI: Habari za kazi fundi. Nna saiti inayotembea kwa PHP 5.6 juu ya Apache kwenye Linux, na kila ukurasa kabla haujatoka unapita kwenye skripti tatu nilizozifunga kwa ob_start (fankisheni ya PHP inayoshika matini ya ukurasa kabla haijatumwa). Moja inabadilisha linki za zamani ziwe mpya, ya pili inachukua mafaili ya CSS inayabandika humohumo ndani ya ukurasa ili brauza isihangaike kuyaomba moja moja, alafu ya tatu inatafuta kila bloku ya style na kufuta komenti na mistari mitupu. Ukurasa wa login unafunguka vizuri tu, ila ukurasa wa mwanzo unabaki mweupe na brauza inasema koneksheni imekatwa. Erra ya PHP hakuna hata moja. Nikazima skripti ya tatu, ikapona. Nikairudisha nikazima ya pili, ikapona pia! Sasa mbaya ni ipi? Memory_limit (kikomo cha memori ambayo PHP inaruhusiwa kutumia) nimepandisha mpaka 512M, nimeristati seva mpaka nimechoka. Nikaweka print_r ndani ya ya tatu nione inapokea nini, nikaletewa fatal erra nyingine kabisa. Naomba msaada, wiki ya pili hii.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, najua wiki mbili za namna hii zinavyokaa kichwani. Ila umeshafanya kipimo kizuri kuliko unavyodhani, ile kuzima moja moja. Jibu ulilopata, kwamba ukiitoa ya pili au ya tatu mambo yanakaa sawa, maana yake tatizo halikai ndani ya skripti moja, linakaa pale ya pili inapomkabidhi mwenzake. Kwa hiyo acha kutafuta mbaya ni ipi, angalia kinachopita kati yao.

Na iache hiyo memory_limit. Ukurasa ukiwa mweupe bila erra yoyote ya PHP manake PHP yenyewe haikupata nafasi ya kulalamika, prosesi nzima imeuawa. Fungua logi ya Apache, siyo ya PHP, utakuta mstari unaosema child pid fulani imetoka kwa Segmentation fault namba 11, yaani imegusa memori isiyoruhusiwa ikauawa. Apache mama anazaa prosesi nyingine papo hapo, ndo maana saiti inaonekana mzima huku ukurasa mmoja unakufa kila ukiitwa.

Sasa uione kwa macho. Weka CoreDumpDirectory kwenye konfigi ielekee folda ambayo Apache inaweza kuandika, piga ulimit -c unlimited, simamisha seva, iwashe kwa httpd -X ili iwe prosesi moja tu, ufungue ule ukurasa. Ikifa inaacha faili la core (picha ya memori yake ilipokufa), lifungue kwa gdb, chombo cha kuchunguza programu, uandike bt upate orodha ya fankisheni zilizokuwa zinaitana. Nna uhakika mkubwa utaona fankisheni moja inaitwa match ikijiita yenyewe, inajiita, inajiita, maelfu ya mistari mpaka uchoke kushuka. Hiyo ni ya PCRE, ile maktaba inayofanya kazi ya preg_replace.

Nadhani kwenye skripti ya tatu umeandika kitu kama hiki:

~<style>(.|\n)*?</style>~

Hayo mabano ndo yanaua. Kwa PCRE ya zamani, ambayo PHP 5.6 inaitumia, kila herufi inayopita ndani ya (.|\n) ni angalau hatua moja zaidi ya kujiita, na hatua hizo zinakaa kwenye staki, kile kipande cha memori kinachotunza fankisheni ambazo hazijamaliza. Waandishi wa PCRE wenyewe wanashauri ukadirie baiti 500 kwa kila hatua. Staki ya kawaida ya Linux ni MB 8, kwa hiyo ukifika kama hatua 16,000 imejaa na prosesi inakufa. PHP ina kizuizi chake, pcre.recursion_limit, ila kimewekwa 100,000 tangu mwanzo, yaani prosesi inakufa kabla kizuizi hakijafikiwa. Na memory_limit haigusi staki kabisa, hata uweke giga kumi.

Rudi kwenye skripti zako sasa. Bila ya pili, bloku za style ni fupi, ya tatu inapita salama. Bila ya tatu, hakuna wa kuzisoma. Zikiwa pamoja, ya pili inamwaga CSS yote ya ukurasa wa mwanzo ndani ya bloku moja, tuseme herufi elfu 40, alafu anayefuata anaambiwa aimeze. Login ina CSS kidogo ndo maana imenusurika.

Dawa ni fupi, toa mabano weka s mwishoni:

~<style>.*?</style>~s

Nukta yenye s inakubali na mistari mipya, na haichimbi staki kwa kila herufi. Alafu shusha pcre.recursion_limit iwe chini ya 16,000, kwa mfano 10,000, ili siku patani nyingine ikizidiwa preg_replace irudishe null (yaani hakuna kitu) badala ya kuua prosesi. Null nayo ukiiachia inatoa ukurasa mtupu, kwa hiyo malizia hivi:

return $mpya === null ? $matini : $mpya;

Hiyo print_r yako nadhani uliipa true ili irudishe matini, na kwenye toleo lako ikiwa hivyo inatumia bafa (sehemu ya kushikilia matini) ndani kwa ndani, na ndani ya kolbaki ya ob_start, yaani fankisheni uliyoipa ob_start iiite, hairuhusiwi kufungua bafa nyingine. Tumia error_log na strlen($matini), utaona urefu ukiruka kutoka skripti moja kwenda nyingine. Kumbuka pia ob_start iliyoitwa mwisho ndo inapokea matini kwanza, wengi wanaisoma kinyume.

Na tafadhali panga kuhama 5.6, usalama wake uliisha kushughulikiwa mwisho wa 2018. Kuanzia 7.3 PHP inatumia PCRE2, toleo jipya la ile maktaba. Ila hata huko cheki ya null iache palepale.

SWALI: Fundi, ya kwangu haidondoki ila nikiweka skripti ya kubadilisha maneno ukurasa unatoka herufi za ajabu ajabu. Nifanyeje?

JIBU: Huenda skripti yako inapokea matini iliyokwisha kubanwa. Andika kwenye logi bin2hex ya baiti mbili za mwanzo, ukiona 1f8b hiyo ni gzip. Zima zlib.output_compression na ob_gzhandler ndani ya PHP, kazi ya kubana mwachie mod_deflate ya Apache, yeye anakuja baada ya PHP kumaliza.