Uliza Ujibiwe: Hiyo mashine inaona mali ya Mjerumani kweli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Tabora, shambani kwetu kuna mawe yamepangwa, wazee wanasema Mjerumani alifukia mali pale akikimbia vita. Sasa kaja jamaa na mashine ya matairi ina skrini, anasema ni rada, inaona chini mita 20 na inatofautisha dhahabu na chuma. Anataka laki nane ya kupima, mkipata mnagawana. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga. Wadogo zangu washaanza kuuza mbuzi, hiyo kitu ipo kweli?

JIBU: Marahaba. Kitu ipo, ila maneno ya huyo jamaa ndo hayapo. Rada ya ardhini inarusha mawimbi ya redio chini, yakikutana na kitu tofauti na udongo, iwe chuma, jiwe, shimo tupu au hata mzizi mnene, baadhi yanarudi na mashine inapima yamechukua muda gani. Basi. Dhahabu na debe bovu kwake ni chuma tu.

Na kwenye skrini hutaona sanduku. Utaona mistari mistari, na penye kitu, tuseme bomba, mistari inafanya nundu yenye kilele na pande mbili zinazoshuka, kwa sababu mashine inaanza kukihisi kwa mshazari kabla haijafika juu yake, na mshazari ni mrefu kwa hiyo kinaonekana kiko chini zaidi, ukifika juu yake ndo kilele, ukipita kinashuka tena. Akikuonesha sanduku jekundu limeandikwa "dhahabu", ndugu yangu hiyo katuni.

Mita 20 kwenye mbuga ndo usiniambie kabisa. Antena ya megahezi 400 (mawimbi yanatetema mara milioni 400 kwa sekunde), ambayo inatumika sana kutafuta mabomba na makaburi, kwenye mchanga mkavu inaenda kama mita 2 hadi 4, ila udongo wa mfinyanzi wenye maji, kama huo wenu wa mbuga, unameza mawimbi, mita moja tu yaweza kuwa shida. Zipo antena za megahezi chache zinazoenda mbali zaidi, lakini hizo nazo zinapoteza vitu vidogo.

Hadithi ya wazee siicheki, maana mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 hapohapo Tabora, zina picha ya tembo, kabla Wabelgiji hawajauchukua mji Septemba. Ila kutengenezwa Tabora na kufukiwa shambani kwenu ni mambo mawili tofauti.

Na msidhani ni sisi tu. Kule Poland, mji wa Wałbrzych, mwaka 2015 watu wawili walisema wameona kwa rada treni ya Wanazi yenye dhahabu imefukiwa, mpaka naibu waziri akatangaza ana uhakika zaidi ya asilimia 99. Wataalamu wa chuo cha Krakow wakapima wakasema treni hakuna, wenyewe wakang'ang'ania, Agosti 2016 wakachimba na matingatinga, hakuna treni wala reli. Ile picha waliyoiona ilikuwa umbo la asili la ardhi tu.

Kabla ya hela, mpime yeye. Fukia sufuria nusu mita chini, pembeni chimba shimo lingine ulifukie tupu, subiri nyasi zifunike, halafu apite bila kuambiwa. Udongo uliochimbuliwa wenyewe unaonekana kwenye rada, kwa hiyo akisema shimo tupu lina dhahabu mpe chai aende. Na kama hayo mawe kweli ni ya zamani, kuchimba bila kibali cha Mambo ya Kale ni kosa, sheria ipo tangu 1964. Mbuzi warudisheni zizini.

SWALI: Tunatoboa zege ya ghorofa Dar kupitisha bomba. Injinia anataka tukodi rada, bosi anasema ni gharama tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Injinia. Hapo rada iko nyumbani kwake, antena ndogo ya gigahezi 1.5 hivi (yaani megahezi 1,500) inaona nondo za juu vizuri, wanazichora kwa chaki unatoboa katikati. Zege ikiwa bado mbichi ina maji mengi, rada haioni mbali, subirini ikauke. Na waambieni wapitishe pande zote mbili, urefu na upana, maana nondo inayolala sambamba na njia ya mashine haitoi ile nundu na ni rahisi kupitwa.