Saba ni kigawo au kigawe cha 720,720?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Binti yangu alipewa hesabu ya kutafuta namba ndogo kabisa inayogawika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16 bila kubakisha. Akaleta 720,720, na amepata. Nilipotaka kumweleza kwa Kiswahili nikakwama: 7 ni kigawo cha namba hiyo au kigawe chake? Na je, laki ni Kiswahili ama ni lugha ya sokoni tu?

JIBU: Ndugu mzazi, 7 ni kigawo, 720,720 ni kigawe. Sishangai ulikwama. Kwetu Kenya hesabu hufunzwa kwa Kiingereza; maneno haya yamezoeleka zaidi kwa watoto wa shule za msingi Tanzania.

Usiyakariri, sikiliza irabu ya mwisho. Kizibo huziba, kifuniko hufunika. Kigawo nacho hugawa. Ukifika kwenye -e mambo hugeuka: kiumbe hakiumbi, kimeumbwa, mtume ametumwa, mteule kateuliwa. Kigawe basi ndicho kinachogawanywa, kikaisha pasipo baki.

Tena hakuna namba iliyo kigawo hivi hivi tu. Ni kama ujomba: mjomba lazima awe wa mtu fulani. Hiyo 720,720 iliyo kigawe cha 7 ni kigawo cha 1,441,440, kwa kuwa inaingia humo mara mbili.

Alichotafuta binti yako huitwa kigawe kidogo cha shirika, yaani kile kidogo kabisa ambacho namba zote 16 zinashirikiana. (Shirika hapa si kampuni.) Mwambie azidishe 16 kwa 9 kwa 5, atapata 720. Kisha 7 kwa 11 kwa 13, atapata 1,001. Azidishe 720 kwa 1,001 aone kwa nini 720 imejiandika mara mbili. Akijaribu 17, atabaki na 5.

Hizo 7, 11 na 13 ni namba tasa: kila moja haina kigawo ila 1 na yenyewe. Mfugaji yeyote anamjua ng'ombe tasa. Kwa binadamu neno hilo linachoma na silipendi, ila namba haina moyo wa kuumia.

Laki ni Kiswahili halali. Asili yake ni Bara Hindi, lakini limekaa nasi muda mrefu, na lina kazi. Majuzi hapa Nakuru nilinunua mahindi, muuzaji akasema, "Tuma elfu kumi na mbili." Nikatuma 12,000. Kwa maneno hayo hayo angeweza kumaanisha 10,002, ila nani huuza mahindi kwa bei hiyo? Kwenye daftari la hesabu hakuna bei ya kukuokoa. Ukisema "elfu mia saba na ishirini", mmoja ataandika 720,000 na mwingine 700,020, na wote wawili wamekusikia vizuri. Msomee binti yako hivi, ukituama kidogo penye mkato: laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini.