Mashindano ya katamarani ya watu wawili: jifunzeni kubisha kabla ya kununua tanga jipya

Mimi na wifi yangu tulinunua Hobie 16, yaani katamarani (chombo cha matanga chenye mitumbwi miwili), iliyokwishatumika miaka mingi, tukaanza kushindana nayo katika Ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, ilhali hakuna kati yetu aliyewahi kufundishwa mbio za matanga. Katika mashindano yetu ya kwanza tulifika wa mwisho, na chombo kilichotutangulia kilikuwa kimetuacha kwa zaidi ya dakika saba. Jioni ile tuliafikiana kwa haraka kwamba kosa lilikuwa la tanga kuu, ambalo kitambaa chake kilikuwa kimelainika kama kanga iliyofuliwa miaka kumi, na kwamba tukipata jipya tutakuwa sawa na wenzetu. Tulikosea. Tanga jipya lilitumalizia akiba ya miezi minane, nalo likatupunguzia labda nusu dakika. Ninaandika haya kwa wawili wowote, wawe ndugu, mume na mke au marafiki wa kazini, wanaotaka kuingia katika mashindano haya kwa mapenzi tu na kwa fedha za mfukoni mwao, ili wasipite njia tuliyopita sisi.

Kilichotufumbua macho ni saa ya mkononi ya wifi. Jumamosi moja tulikuwa peke yetu ghubani, naye akapima muda tangu ninapoanza kuisukuma kana, yaani mkono wa usukani, hadi chombo kinaposhika tena mwendo wake wa kawaida kikiwa kimegeukia upande wa pili wa upepo. Mara ya kwanza tulitumia sekunde 34. Mara ya pili tulitumia 41, kwa sababu tulikwama katikati, omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, ikiutazama upepo, tukaanza kurudi kinyumenyume. Katika mbio zile za kwanza tulikuwa tumebisha, yaani kukigeuza chombo hivyo, mara kumi na moja, na wenzetu wazoefu hutumia sekunde kumi hivi kwa kila bisho. Kwa hiyo karibu dakika tano kati ya zile saba zilikuwa zimepotelea pale pale kwenye kugeuka, na hakuna tanga ambalo lingeturudishia.

Inafaa kuelewa kwa nini chombo hiki ni kigumu kubisha. Hobie 16 ilibuniwa na Hobie Alter wa California, mtu aliyejulikana kwanza kwa kutengeneza mbao za kutelezea mawimbi, naye alitaka chombo kinachoweza kuondoka ufukoni na kurudi ufukoni bila kuhitaji gati. Ndiyo maana hakina ubao wa kushusha majini katikati ya chombo kama ilivyo kwa mashua nyingi za mashindano. Badala yake, mitumbwi yake miwili ina umbo lisilo sawa, upande wa nje ukiwa bapa zaidi na upande wa ndani ukiwa umebinuka, na umbo hilo ndilo linalokizuia kusukumwa kombo. Kina urefu wa mita 5 na kidogo, upana wa mita 2.4 na uzito wa kilo 145 hivi. Wepesi huo ndio unaokipa kasi, lakini pia ndio unaokifanya kipoteze mwendo mara tu upepo unapoacha kujaza tanga, na kwa kuwa mitumbwi miwili iliyoachana haipendi kuzunguka, nahodha aliyezoea mashua ya mtumbwi mmoja hushangaa kuona chombo kimesimama njiani.

Baada ya majaribio mengi, hivi ndivyo tunavyobisha sasa, na ningewashauri mkijaribu kwanza mahali pasipo na vyombo vingine. Tunaanza na mwendo kamili, demani ya tanga kuu, yaani kamba ya kulikazia, ikiwa imekazwa, kwa sababu hakuna bisho litakalofaulu likianza na chombo kilicholegea. Ninaisukuma kana polepole na kwa mfululizo, kwani ukiisukuma kwa nguvu sukani hukaa mkingamo majini na kuwa breki. Wifi huingia ndani kutoka kwenye waya wa trapizi, unaomshikilia akisimama nje ya chombo, lakini haligusi tanga la mbele; analiacha likiwa limefungwa vilevile hadi upepo ulipige kwa upande wa nyuma, maana hapo ndipo linapozisukuma omo zote mbili zipite. Wakati huohuo mimi ninakaa nyuma kabisa, pembeni mwa turubai lililotandazwa kati ya mitumbwi, ili omo ziinuke na chombo kipate kuzunguka juu ya visigino vyake. Omo zikishautazama upepo, ninalegeza demani yangu kwa nusu mita hivi. Jambo hili tulichelewa sana kulijua: tanga kuu likibaki limekazwa hukivuta chombo kirudi kwenye upepo, kama bendera inavyorudi kwenye mwelekeo wake. Omo zikishapita, wifi anaachia tanga la mbele na kulikaza upande wa pili, tunauacha upepo kidogo zaidi ya njia tunayoitaka, tunasubiri mwendo urudi, na ndipo ninapokaza demani. Mkikwama, geuzeni kana upande wa pili kwa kuwa chombo kinarudi nyuma, liacheni tanga la mbele likiwa limejaa kinyume, na msiguse tanga kuu mpaka chombo kiwe kimeinama kwenye njia mpya. Ilituchukua Jumamosi sita kushuka hadi sekunde 13.

Jambo la pili lililotugharimu ni maneno. Mwanzoni nilikuwa nikisema "kata" nikimaanisha tugeuke, na "kaza" nikimaanisha avute kamba ya tanga la mbele. Upepo ukivuma na maji yakipiga turubai, maneno hayo mawili ni neno moja. Siku moja nilisema "kata", wifi akakaza, nami tayari nilikuwa nimeisukuma kana. Tulisimama mbele ya vyombo vitatu vilivyokuwa vikija kwa kasi, na ni uungwana wa manahodha wao uliotuokoa. Mvuvi mmoja mzee wa ngalawa, aliyekuwa akitutazama kutoka ufukoni, alituuliza kwa nini hatutumii maneno ya matanga yaliyokuwapo tangu zamani. Tangu hapo tunasema "bisha" kwa kugeuka, "kaza" na "legeza" kwa kamba, "toka" kwa kwenda kwenye waya na "ingia" kwa kurudi ndani. Hatuongezi neno jingine. Msiyachukue maneno yetu kama yalivyo ikiwa hayawakai mdomoni, lakini yasemeni kwa sauti mkiwa ufukoni, mmoja akiwa amekupa mgongo hatua ishirini mbali, na neno lolote atakalolisikia vibaya mlitupe.

Maneno hayo hayatasaidia ikiwa mmoja anaogopa kuyasema. Wifi yangu ni mdogo wa mume wangu, nami ni mkubwa wake kwa miaka tisa, na kwa adabu ya nyumbani kwetu hawezi kunipandishia sauti. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiniambia hatari kwa heshima: "Wifi, naona kama kuna chombo kinakuja upande ule." Sentensi nzuri kama hiyo huisha wakati chombo chenyewe kimekwishafika. Siku moja alipopata ujasiri wa kusema "Kulia!" sikumsikiliza, nikidhani bado kuna nafasi, tukamlazimisha mwenzetu aliyekuwa na haki ya njia kutukwepa, na ikabidi tujiadhibu kwa kuzunguka mara mbili kamili kama kanuni zinavyotaka. Nilimwomba radhi palepale majini. Siku iliyofuata tulikaa barazani kwa mama mkwe tukakubaliana kwa maneno ya wazi kwamba tukishaondoka ufukoni yeye ana ruhusa ya kuniamuru, nami nitatenda kwanza na kuuliza baadaye. Popote penye tofauti ya umri au ya cheo kati ya wawili, ruhusa hiyo itolewe na aliye mkubwa, na itolewe nchi kavu.

Sababu ya kumpa baharia mamlaka hayo si hisani, ni hesabu. Nahodha anatazama nyuzi ndogo zilizobandikwa tangani na wimbi lililo mbele yake, wakati baharia amesimama nje kwenye waya, juu na mbali kuliko yeye, naye ndiye anayeliona giza la upepo mkali likitambaa juu ya maji. Kanuni za kimataifa zinasema chombo kinachopokea upepo ubavu wa kushoto kimpishe kile kinachopokea ubavu wa kulia, na zinatoa haki maalumu ndani ya urefu wa vyombo vitatu kutoka kwenye boya la kuzunguka. Kwa chombo chetu umbali huo ni mita 15. Mkiwa na mwendo wa noti 10, mnapita mita tano kila sekunde, kwa hiyo mambo yote ya boya yanaamuliwa ndani ya sekunde tatu, na hakuna nafasi ya majadiliano. Sisi tumegawana hivi: mimi nina tanga kuu, kana na mwendo, yeye ana tanga la mbele, upepo unaokuja na vyombo vingine vyote, hasa vile vilivyofichwa na tanga upande upepo unakoelekea. Katika madaraja mengine ya vyombo mgawo hubadilika, kwa mfano kwenye Nacra 17, katamarani inayotumika katika Olimpiki tangu 2016 kwa mwanamume na mwanamke, ambako baharia ndiye hushika demani ya tanga kuu wakati wa kwenda kuelekea upepo. Gawaneni mtakavyo, ila kila kitu kiwe na mwenyewe.

Kuhusu uzito, wawili wepesi wasikate tamaa, lakini wajue wanachokikabili. Kanuni za daraja la Hobie 16 zinataka uzito wa watu wawili usipungue kilo 129 na kidogo, na wapungufu hubeba nyongeza. Sisi tuna kilo 124. Upepo ukiwa mwanana wepesi wetu ni faida. Upepo wa kusi ukishika kasi mnamo Julai, tunalegeza tanga wakati wenzetu wamekaza. Tatizo kubwa zaidi ni kukiinua chombo kikipinduka, kwa kuwa uzito wetu pekee hautoshi.

Tulipinduka kwa mara ya kwanza upande wa kisiwa cha Bongoyo, tukakaa majini karibu dakika arobaini hadi boti ya uokoaji ilipofika, na nilimwona wifi akitetemeka ingawa maji yalikuwa ya vuguvugu. Kwa hiyo jambo hili nalisema kwa kusisitiza: pindueni chombo chenu kwa makusudi, siku ya upepo mdogo, karibu na ufuko, kabla hamjajiandikisha kwenye mbio zozote. Wa kwanza ashike chombo asikiachie kamwe, kwa sababu kinasukumwa na upepo kuliko mtu anavyoweza kuogelea. Wa pili afungue demani zote mbili kwenye vishikizi vyake. Kisha simameni karibu na omo ya mtumbwi ulio majini, ili chombo kijizungushe na kuuelekea upepo, rusheni kamba ya kuinulia juu ya mtumbwi ulio hewani, na mjilaze nyuma kwa pamoja. Mkiwa wepesi kama sisi, bebeni mfuko imara wa lita 40 au 50, ujazeni maji ya bahari na kuutundika kwenye kamba hiyo. Ndani ya maji hauna uzito, lakini ukiinuliwa juu yake unakuwa kama mtu wa tatu. Chombo kikirudi wima, mmoja aning'inie kwenye nguzo ya mbele ili kisipitilize na kuangukia upande wa pili. Sasa tunamaliza kazi hiyo kwa dakika mbili au tatu.

Kuna kupinduka kwa namna nyingine, ambako omo huzama upepo ukiwa wa ubavuni au wa nyuma na chombo kikajibwaga mbele. Dawa yake ni kuhamia nyuma mapema, mguu wa baharia ukiwa karibu kugusa goti la nahodha, na kulegeza kabla omo hazijaanza kunywa maji. Msikigeuze chombo kwa ghafla kuelekea upepo.

Mwanzo wa mbio nitaupitia kwa haraka, maana wanaoanza huupa hofu kubwa kuliko thamani yake. Ishara hutolewa dakika tano kabla, kisha nne, kisha moja, ndipo mbio zianze. Mwaka wa kwanza kaeni pembeni, mbali na msongamano, mkiwa na mwendo. Kupoteza sekunde kumi kwenye mstari ni bora kuliko kusimama katikati ya kundi bila upepo.

Maji ya kwetu, hata hivyo, yanastahili daftari lake. Hapa Dar es Salaam wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, na mkondo kati ya visiwa unaweza kuwapeleka pembeni mwa boya huku tanga likionekana kufanya kazi vizuri. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Kabla ya kila mbio tunaandika saa ya kujaa na ya kupwa, kisha tunapita karibu na boya lolote lililotia nanga na kutazama maji yanavyoligawa. Chombo chetu hakina ubao wa chini na sukani zake hujiinua zikigonga, kwa hiyo mkondo ukiwa kinyume tunaweza kujificha kwenye maji ya kina kifupi ambako wengine hawathubutu, mradi tumehakikisha siku ya nyuma, maji yakiwa yamepwa, kwamba hakuna mwamba.

Mkirudi ufukoni, fungueni vizibo vya nyuma vya mitumbwi yote miwili na mpime kwa macho maji yanayotoka, kwa sababu mtumbwi unaovuja lita chache leo utawazamisha omo mwezi ujao. Osheni kila kitu kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa roda za kupitishia kamba na pini za sukani. Sisi hatuzungumzii makosa mpaka kazi hiyo iishe na kila mmoja awe amekunywa maji. Kisha tunakaa juu ya turubai, kila mtu anataja kwanza kosa lake mwenyewe, na wifi anaandika sekunde za kila bisho alizozikumbuka. Jumamosi iliyopita aliandika 12, 14, 11 na 29, na Jumamosi ijayo tutaanza na hiyo ya 29.