Sungura mzee amekaza miguu ya nyuma: usikubali kuambiwa "ni uzee tu"

Dada wa Arua, nimesoma swali lako lote. Sungura ana miaka saba, asubuhi anaburuta miguu ya nyuma mpaka ipate moto, ameacha kuingia kwenye sanduku lake la choo anakojoa pale pale alipolala, na watu wa nyumbani wanakuambia mchinje kabla hajakonda. Mi niko Jinja, Walukuba, na wangu anaitwa Kadogo, jina alipewa na watoto akiwa mdogo, sasa hivi ni dume kubwa la damu ya Flemish Giant, ile aina ya sungura wakubwa sana, na baridi yabisi imemshika nyonga zote mbili na uti wa mgongo kwa chini. Bado anatembea, anakula, anakuja mlangoni akisikia mfuko wa majani. Kwahivo nakujibu kwa urefu maana hili jambo linaniuma, wanyama wengi wanateseka bure kwasababu hakuna aliyewaangalia vizuri.

Kitu cha kwanza ushike ni hiki: uzee haumfanyi sungura aache kuruka, maumivu ndio yanamfanya aache. Na maumivu yana dawa. Sungura ni mnyama wa kuliwa na wanyama wengine porini, akionyesha udhaifu anakamatwa, kwahivo anaficha, halii, hachechemei kama mbwa, anakaa tu kimya kwenye kona na wewe unafikiri ametulia. Ukitaka kujua angalia vitu vidogo. Kadogo alikuwa na katabia, akifika kwenye kizingiti cha jikoni anasimama, anapeleka kichwa mbele na kukirudisha, mbele na kukirudisha, alafu anageuka anarudi alikotoka. Kizingiti chenyewe ni kidogo tu, zamani alikuwa anakipita bila hata kukiona. Baadae nikaona masikio yamejaa uchafu wa nta upande wa ndani, maana sungura husafisha masikio kwa kuyakuna na mguu wa nyuma alafu anaulamba ule mguu, sasa kama nyonga haikunjiki mguu haufiki. Pia mba mgongoni karibu na mkia, kucha ndefu, na ile choo laini ya usiku ambayo sungura huila moja kwa moja kutoka nyuma ikawa inamgandia kwenye manyoya kwasababu hawezi kujipinda. Ukiona mawili matatu ya hayo kwa wako usingoje.

Ila pia usijipe jibu mwenyewe kwamba ni baridi yabisi. Miguu ya nyuma inalegea kwa sababu nyingi. Anaweza kuwa amevunjika mgongo, mifupa ya sungura ni myepesi na akishikwa vibaya akapiga teke kwa nguvu mgongo unaachia. Kuna kimelea kinaitwa Encephalitozoon cuniculi kinaingia kwenye figo na ubongo, huyo utaona anayumba au kichwa kimelala upande, na dawa yake ni nyingine kabisa. Kuna vidonda vya nyayo. Kuna kibofu kilichojaa mkojo mzito wa chokaa. Eksirei ndio inaonyesha kiungo chenyewe kikoje. Madaktari wa mifugo wengi huku kwetu wamezoea ng'ombe, nguruwe na kuku, siwalaumu ndio kazi iliyopo, lakini Kampala kuna kliniki za wanyama wadogo, na Makerere pale chuo cha mifugo wana kliniki yao. Piga simu kwanza uulize kama wanaona sungura na kama mashine inafanya kazi siku hiyo, maana kutoka Arua ni safari ya siku nzima. Mbebe kwenye kikapu au boksi lenye blanketi limekunjwa chini asiwe anateleza kila basi likikata kona, safiri usiku au alfajiri kabla ya joto, na muwekee nyasi ndani ale njiani. Mtu akikuambia umlaze njaa kwasababu atapewa usingizi kataa kwa heshima, sungura hawezi kutapika na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu hata kidogo.

Sasa dawa. Inayotumika sana ni meloksikam, dawa ya maumivu ya kunywa, unampa kwa kabomba ka sindano kasiko na sindano, pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, taratibu. Kadogo anaipenda kwasababu ni tamu. Hapa naomba usome polepole. Meloksikam ya kunywa ya mbwa kwa kawaida ina miligramu 1.5 kwa kila mililita, ya paka ina 0.5, na ile ya sindano ya ng'ombe ambayo ndio rahisi kuipata kwenye maduka ya dawa za mifugo ina 20. Yaani ya ng'ombe ni kali zaidi ya mara 13 kuliko ya mbwa. Mtu akikuambia "mpe nusu mililita" bila kuuliza chupa yako ni ipi, huyo usimsikilize. Na usifuate kipimo cha mbwa kilichoandikwa kwenye boksi pia, mwili wa sungura unaiondoa hii dawa haraka kuliko wa mbwa kwahivo kipimo chake kwa kilo huwa ni kikubwa zaidi na wengine wanapewa mara mbili kwa siku. Ndio maana lazima apimwe uzito na daktari aandike mwenyewe. Awe anakula na kunywa maji vizuri, maana kwenye mwili uliokauka inaumiza figo, na kama ataitumia muda mrefu damu ipimwe kuangalia figo. Ikifika mahali haitoshi peke yake daktari anaweza kuongeza gabapentini au tramadoli, hayo ni ya kwake kuamua.

Vitu vya kukataa kabisa. Diklofenaki na panado za duka la dawa la watu, usimpe kwa kukisia. Deksametazoni, ile sindano wanayochoma karibu kila mnyama, kwa sungura inashusha kinga vibaya na inaweza kufungulia magonjwa yaliyokuwa yamelala. Amoksilini ya kunywa au penisilini yoyote ya mdomo, hiyo inaua wadudu wazuri wa tumboni na sungura anakufa kwa kuhara. Na kama ana viroboto usimpake fipronili ya mbwa, ni sumu kwake. Dawa za viungo za glukosamini wanazouza ghali sijakataza, ila ushahidi wake kwa sungura ni mdogo sana, mimi sikuona tofauti, hela ya kwanza iende kwenye dawa ya maumivu.

Alafu sakafu. Dada, sakafu ndio nusu ya matibabu na hapa ndio watu wanapuuza. Sungura hana zile nyama laini chini ya mguu alizonazo mbwa na paka, ana manyoya tu alafu ngozi alafu mfupa. Umwekee juu ya waya wa kizimba, au juu ya simenti, au hizi tailizi zinazong'aa za nyumba za kisasa, kila hatua miguu inatawanyika, anakaza misuli asianguke, na kiungo kinachouma kinavutwa upya. Muondoe kwenye waya leo hii, usingoje daktari. Mi nilienda sokoni upande wa mivumba, yaani mitumba, nikanunua blanketi nzito za manyoya mafupi na vipande vya mpira wa kukanyagia, mpira chini usiteleze, blanketi juu. Nilianza na njia moja tu kutoka anapolala mpaka kwenye nyasi zake. Usiku ule ule alitoka akafuata ile njia, pale inapoisha akasimama, akanusa tailizi, akarudi. Nikaongeza kipande mpaka kwenye maji akaenda mpaka kwenye maji. Sasa amezungukwa na blanketi chumba kizima na anaenda anapotaka. Mkeka wa kawaida wa ukindu sio mbaya kwa kuanzia ila unateleza ukiwa mpya na ataula, kuula sio tatizo, tatizo ni ile iliyoshonwa na nyuzi za plastiki. Kapeti ya vitanzi nayo hapana, kucha zinanasa. Na blanketi ikianza kutoa nyuzi itupe, nyuzi zikiingia tumboni ni balaa.

Sanduku la choo, wala hajasahau adabu, hawezi tu kuinua mguu kupita ukingo. Chukua beseni pana la plastiki, kata upande mmoja ubaki chini kabisa karibu na sakafu, kisu ukikichoma moto kinakata vizuri, alafu sugua makali na msasa au ufunge na kitambaa. Ndani weka magazeti na nyasi kavu nyingi. Weka mawili kama chumba ni kikubwa. Maji weka kwenye bakuli zito, sio chupa ya kuning'inia inayomlazimisha anyooshe shingo. Chakula kiwe usawa wa kifua chake. Kama kuna ngazi anayoipenda tengeneza mteremko mrefu wenye mwinamo mdogo, upigilie gunia juu apate kushika.

Uzito nao. Kila kilo ya ziada inakaa kwenye nyonga zile zile. Pitisha vidole ubavuni, mbavu uzisikie bila kukandamiza, ukizitafuta sana basi amenenepa. Achene kumpa mkate, posho (ugali), ndizi na biskuti, najua watoto wanampenda na wageni wanaleta, waelezeni. Chakula chake kikubwa kiwe nyasi, ile Rhodes inapatikana kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ikauke vizuri isiwe na ukungu, alafu majani mabichi kidogo kila siku, majani ya viazi vitamu, kishona nguo ambacho Waganda wanaita ssere, sukuma kiasi. Peleti, zile punje za chakula cha dukani, kwa kipimo kidogo. Majani ya ovakado na ya viazi mviringo usimpe. Na usimpunguze kwa kumnyima, sungura asiyekula ini linajaa mafuta, ashuke polepole kwa wiki nyingi. Akikaa nusu siku hajala wala hajanya hiyo ni dharura hata kama ni usiku.

Usafi ndio kazi ya kila siku na ndio inayookoa maisha hasa msimu huu wa mvua. Nzi wa hapa kwetu hawachelewi, manyoya yakilowa mkojo wanataga na mabuu yanatoka ndani ya siku moja, yanakula nyama mbichi. Mwangalie nyuma asubuhi na jioni. Usimwogeshe mwili mzima, sungura anaweza kufa kwa mshtuko na baridi. Mi namkalisha kwenye taulo mapajani, mkono mmoja chini ya kifua mwingine chini ya makalio, simpindui mgongo chini maana hapo uti wa mgongo unamuuma, namfuta na pamba na maji ya uvuguvugu mpaka choo kilichoganda kilainike chenyewe, sikivuti, alafu namkausha kabisa kwa kitambaa mpaka ngozi. Poda usiweke, akiivuta inamkaa kwenye mapafu. Manyoya ya nyuma yapunguze yawe mafupi, ila ya kwenye nyayo usiyaguse, ndio godoro lake. Masikio mfutie ile sehemu unayoiona tu. Kucha kata mara kwa mara, zikiwa ndefu zinabadilisha anavyokanyaga.

Baridi ya usiku inakaza viungo, wa kwangu mvua ikinyesha namwekea chupa ya maji ya moto kiasi ndani ya soksi nene, karibu naye sio chini yake, aweze kusogea akichoka nayo. Kwenu Arua tatizo kubwa litakuwa kiangazi, joto likipita nyuzi 30 sungura yuko hatarini, mpe kivuli na tailizi moja tu wazi ya kulalia akitaka ubaridi.

Asikae kizimbani siku nzima. Misuli ikilala kiungo kinabaki bila msaada. Mfungulie alfajiri na jioni, ndio saa zake, mtawanyie majani mawili matatu mbali mbali atembee kuyafuata, akikaa chini muache, usimsukume. Na kama ana mwenzake usiwatenganishe, mwenzake atamlamba macho na masikio pale asipofika.

Kwa wale wa kuchinja, waambie hivi: nyama ya mnyama anayekunywa dawa kila siku hailiwi, na huyu hayuko kwenye kufa, yuko kwenye maumivu. Ipo siku inaweza kufika dawa haisaidii tena, amekataa kula, hawezi kuinuka kwenye mkojo wake, hapo unaongea na daktari amlaze bila kuteseka. Kwa ulivyoeleza wako hajafika huko hata karibu.

Kabla hujaanza dawa mchukue video akitembea asubuhi, na nyingine baada ya wiki mbili saa ile ile mahali pale pale, macho yetu yanazoea lakini video inaonyesha, na daktari nae itamsaidia kupanga kipimo. Niambie uzito wake na anakaa juu ya nini sasa hivi, na ukiweza weka picha ya nyayo zake za nyuma, nataka kuona kama ngozi imeshaanza kuwa nyekundu.